Zana za kusomea mipango ya hoja za PostgreSQL: depesz, Dalibo, pgMustard au pgAdmin?

Ujumbe huja hivi: "Kaka, ripoti ya kata imekuwa nzito. Wiki iliyopita ilikuwa inafunguka vizuri tu." Unaichukua hoja yenyewe (query), unaitangulizia `EXPLAIN ANALYZE`, na PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, inakumwagia mpango wake, yaani hatua ilizozifuata kuijibu hoja: mistari ya mabano, namba na mishale. Majibu yote yamo humo. Kazi ni kuyaona.

Hoja ikiwa fupi, macho yanatosha. Mpango ukifika mistari mia mbili, una majedwali kumi na mawili yaliyounganishwa na hoja ndogo ndani ya hoja, macho hayatoshi tena. Hapo unahitaji zana ya kusomea. Ninazozilinganisha hapa ni nne: explain.depesz.com, explain.dalibo.com pamoja na programu yake PEV2, pgMustard, na kidirisha cha Explain kilichomo ndani ya pgAdmin. Zote zinasoma kitu kilekile. Tofauti yake ni mahali zinapoelekeza jicho lako kwanza, na mahali mpango wako unapokwenda kukaa ukishaubandika. Hilo la pili watu hulisahau, na kwangu ndilo linaloamua mambo mengi.

Mpango wenyewe kwanza

Zana ya kusomea haiwezi kukueleza usichokijua kabisa, kwa hiyo tuanze na mpango mtupu. Nimetengeneza hifadhidata ya mazoezi ya mita za maji. Jedwali la `mita` lina rekodi 2,400,000. Jedwali la `usomaji` limegawanywa kwa miezi, kila mwezi na kipande chake. Hoja inataka usomaji wa Machi 2025 kwa mita zote za kata ya Buswelu, wilaya ya Ilemela, mkoa wa Mwanza. Jibu la PostgreSQL ni hili:

```
Nested Loop  (cost=0.86..154.62 rows=12 width=44)
             (actual time=0.071..3189.402 rows=12040 loops=1)
  Buffers: shared hit=35685 read=14380
  ->  Index Scan using mita_eneo_idx on mita m
        (cost=0.43..53.10 rows=12 width=28)
        (actual time=0.034..58.917 rows=12040 loops=1)
        Index Cond: ((mkoa = 'Mwanza'::text) AND
                     (wilaya = 'Ilemela'::text) AND
                     (kata = 'Buswelu'::text))
  ->  Index Scan using usomaji_2025_03_mita_id_idx on usomaji_2025_03 u
        (cost=0.43..8.45 rows=1 width=24)
        (actual time=0.257..0.258 rows=1 loops=12040)
        Index Cond: (mita_id = m.id)
        Filter: (mwezi = '2025-03-01'::date)
Execution Time: 3192.118 ms
```

Mabano ya kwanza katika kila nodi, yaani kila hatua ya mpango, ni makadirio, ya pili ni yaliyotokea kweli. Hiyo `cost` si milisekunde. Ni kipimo cha ndani cha mpangaji, sehemu ya PostgreSQL inayochagua njia ya kuiendesha hoja: kwa mipangilio ya kawaida, kusoma ukurasa mmoja wa diski kwa mfuatano ni 1.0, na kuufuata ukurasa popote ulipo ni 4.0. Mtu akikwambia gharama ya 154 ni ndogo, anazungumzia alichodhani mpangaji, si saa ya ukutani.

Sasa tazama nodi ya mwisho. Imeandikwa 0.258. Nani ataishtukia robo ya milisekunde? Lakini namba hiyo ni wastani wa mzunguko mmoja, na `loops` inasema mizunguko ilikuwa 12,040. Zidisha: unapata milisekunde 3,106 kati ya 3,192. Muda wote umejificha nyuma ya namba ndogo kuliko zote. Nimewaona waandishi wa programu hodari kabisa wakiupita mstari huu na kwenda kuhangaika na nodi ya juu kwa sababu tu ndiyo iliyoandikwa 3189.

Kwa nini mizunguko mingi hivyo? Kwa sababu mpangaji alitarajia mita 12 na zikaja 12,040. Takwimu zake zinamwambia Mwanza ni asilimia 5 ya mita zote, Ilemela asilimia 2, Buswelu nusu asilimia. Akazizidisha zote tatu kana kwamba hazihusiani, akapata rekodi 12. Wewe na mimi tunajua kwamba ukishasema Buswelu umeshasema Ilemela, na ukishasema Ilemela umeshasema Mwanza. Yeye hajui, mpaka umwambie. Kwa rekodi 12, Nested Loop, yaani kurudia utafutaji kwa kila rekodi mojamoja, ni uamuzi mzuri. Kwa rekodi 12,040 ni kujaza pipa kwa kikombe.

Ule mstari wa `Buffers` nao unasema kitu. Kurasa zilizoguswa ni 50,065, kila moja KB 8, karibu MB 391 za kazi, na kurasa 14,380 kati ya hizo hazikuwamo katika kumbukumbu ya PostgreSQL, ikabidi ziombwe kwa mfumo wa uendeshaji. Usipoandika BUFFERS kwenye matoleo ya kabla ya PostgreSQL 18, mstari huo hutauona. Kuanzia toleo la 18 la mwaka 2025, EXPLAIN ANALYZE inauleta yenyewe.

Kwa hiyo nina maswali matatu, nami nitaipima kila zana kwayo. Muda uko wapi baada ya kuzidisha mizunguko? Makadirio yaliachana na ukweli kwenye nodi ipi ya chini kabisa? Kurasa ngapi ziliguswa, na na nani?

depesz: jedwali lenye rangi

explain.depesz.com ni kazi ya Hubert Lubaczewski, mtaalamu wa PostgreSQL kutoka Polandi anayejulikana zaidi kwa jina la depesz. Unabandika mpango, iwe maandishi ya kawaida, JSON, XML au YAML, na unapata jedwali. Kila nodi ina mstari wake, na mbele yake zimepangwa namba: muda wa nodi peke yake, muda wake pamoja na watoto wake, ukubwa wa kosa la makadirio, idadi ya rekodi, idadi ya mizunguko.

Safu ya kwanza, ule muda wa nodi peke yake, ndiyo inayoifanya zana hii istahili heshima yake. Kuzidisha kwa mizunguko kumeshafanyika, na muda wa watoto umeshatolewa. Kwenye mfano wetu nodi ya `usomaji` inasimama na milisekunde zake 3,106, Nested Loop inabaki na 24 tu, na rangi nyekundu inakaa palepale panapouma. Swali la kwanza limejibiwa kabla hujasoma neno lolote.

Swali la pili linajibiwa na safu ya kosa la makadirio. Inaandika mshale wa chini, yaani makadirio yalikuwa madogo mno, na mara 1,003, tena kwa nyekundu. Hapa kuna jambo la kuzoea: kosa hupanda kutoka chini kwenda juu kama moshi. Nested Loop nayo itaonyesha mara 1,003, lakini haina hatia, imerithi. Shuka hadi nodi ya chini kabisa yenye kosa hilo. Kwetu ni `mita`. Depesz haikuambii hivyo kwa maneno, ila kwa kuwa kila kitu kimepangwa wima, jicho linashuka lenyewe.

Udhaifu wake ni mipango mipana. Hoja ikiwa na matawi mengi, jedwali linakuwa refu, na kujua nodi ya mstari wa 140 ni mtoto wa nani kunahitaji kufuata nafasi za mwanzo wa mstari. Kurasa za Buffers zimo, lakini hazikurukii machoni kama muda unavyokurukia. Kuna kichupo cha takwimu kinachojumlisha muda kwa kila aina ya nodi na kwa kila jedwali, nacho husaidia sana pale jedwali moja linaposomwa mara sita ndani ya hoja moja.

Jambo jingine linaloifanya depesz ipendwe: kiungo chake ndicho watu wa PostgreSQL duniani wamezoea kupokea. Ukiomba msaada kwa mgeni, mtumie kiungo cha depesz naye hatakuuliza maswali ya utangulizi.

Dalibo na PEV2: mti unaouona

PEV ya kwanza iliandikwa na Alex Tatiyants. Dalibo, kampuni ya Ufaransa inayoshughulika na PostgreSQL, ikaiendeleza upya kwa jina la PEV2 na kuiweka wazi kama programu huria. Tovuti ya explain.dalibo.com ni PEV2 iliyopandishwa mtandaoni ili uhifadhi mpango na kupata kiungo cha kumtumia mwenzako.

Hapa mpango unachorwa kama mti. Kila nodi ni kisanduku, mistari inaunganisha mzazi na watoto, na pembeni kuna mchoro wa pau unaoweza kuugeuza: muda, rekodi, kosa la makadirio, gharama, kurasa. Kwa hoja yenye hoja ndogo tano, mti unashinda jedwali bila ubishi. Unaona mara moja kwamba tawi la kushoto ndilo lililobeba mzigo na la kulia halina kitu. Ninapomweleza mtu asiyejua SQL, msimamizi wa mradi kwa mfano, kwa nini tunaomba siku mbili za kazi, ninamfungulia mti. Anaelewa. Jedwali la depesz lingemchosha.

Kwenye swali la tatu, la kurasa, PEV2 ndiyo bora kati ya hizi nne kwa maoni yangu. Ukigeuza pau ziwe za kurasa, nodi inayosoma diski kwa fujo inajitokeza hata kama siku hiyo ilikuwa na bahati na muda wake ukawa mfupi. Hili ni muhimu kuliko linavyosikika. Hoja ukiirudia mara ya pili, kurasa zimeshaingia kwenye kumbukumbu na muda unashuka, halafu mtu anatangaza kwamba tatizo limeisha. Idadi ya kurasa zilizoguswa haidanganyiki hivyo. Ni 50,065 asubuhi na 50,065 jioni.

Kwenye swali la pili inafanya vizuri, ila inakutaka ubofye. Kosa la makadirio linaonyeshwa, lakini kulinganisha nodi kumi kwa pamoja ni rahisi zaidi kwenye jedwali. Wenyewe wameliona hilo, kwa hiyo kuna mwonekano wa jedwali pia ndani ya PEV2. Ninaukuta unatosha, ingawa bado mkono wangu hukimbilia depesz kwa kazi hiyo.

Sasa sababu inayonifanya niitumie kila siku. PEV2 inapatikana kama faili moja, `pev2.html`. Unalipakua mara moja, unaliweka kwenye kompyuta, unalifungua kwa kivinjari. Halihitaji seva wala intaneti. Unabandika mpango, unachorwa hapohapo, na hakuna kinachotoka nje ya mashine yako. Umeme umekatika, ruta imezima, kompyuta ina chaji: kazi inaendelea.

Ili upate faili safi la kubandika, andika hoja yako kwenye faili la `explain.sql` ukiitanguliza kwa `EXPLAIN (ANALYZE, COSTS, VERBOSE, BUFFERS, FORMAT JSON)`, kisha:

```
psql -XqAt -f explain.sql > analyze.json
```

Zile herufi `-XqAt` zinaondoa mapambo ya psql, yaani kichwa cha jedwali, alama za kujumlisha mwishoni mwa mistari na hesabu ya rekodi, ambayo huharibu JSON. Zana ikikataa mpango wako, mara nyingi kosa ni hilo. Na kama hoja yenyewe ni UPDATE au DELETE, kumbuka kwamba ANALYZE inaiendesha kweli. Tanguliza `BEGIN;` na umalizie `ROLLBACK;`. Tafadhali usiliruke hilo.

pgMustard: inayokushika mkono

Zana mbili za juu zinakuonyesha. pgMustard, bidhaa ya Michael Christofides, inakushauri. Inausoma mpango, kisha inaorodhesha mambo ya kufanya na kuyapa nyota kulingana na muda yanaoweza kuokoa: hapa indeksi ingefaa, hapa makadirio yamepotoka, hapa kupanga rekodi kwa mfuatano (sort) kumemwagika kwenye diski kwa sababu `work_mem`, kumbukumbu iliyotengwa kwa kazi hiyo, haikutosha. Kwa kawaida `work_mem` ni MB 4 tu, na watu wengi hawajawahi kuigusa, kwa hiyo ushauri huo wa mwisho hufaa mara nyingi.

Ni ya kulipia. Unaruhusiwa kujaribu mipango michache kwanza, na unaingia kwa akaunti. Ndiyo inayoleta ubishi mkubwa ninapozungumza na wenzangu, wengine wakisema kwa nini ulipie kusoma maandishi yanayotolewa bure na hifadhidata yako mwenyewe. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Timu yenye waandishi wa programu sita, hakuna hata mmoja aliyewahi kusoma mpango, na mteja anasubiri, itapoteza fedha nyingi zaidi kwa kubahatisha indeksi kuliko itakavyolipa. Kila indeksi ya kubahatisha inaongeza kazi kwa kila INSERT, na ni nadra mtu kurudi kuifuta.

Kinachonipa wasiwasi ni mazoea. Ukipewa jibu kila siku, jicho halikui. Ninamshauri anayeitumia asome mpango kwanza kwa dakika tano, aandike anachodhani, halafu ndipo afungue ushauri.

pgAdmin: iliyopo tayari

Kama unatumia pgAdmin 4, bonyeza Shift+F7 badala ya kuendesha hoja kama kawaida, na unapata mchoro wa ikoni, jedwali la uchambuzi lenye rangi linalofanana sana na la depesz, na takwimu kwa kila jedwali. Ni bure, ipo tayari, na mpango haubandikwi popote. Washa Buffers kwenye menyu ya mipangilio ya Explain, maana usipoiwasha kwenye matoleo ya zamani ya hifadhidata utakosa nusu ya habari. Kwa hoja za kawaida inatosha. Kwa mpango mkubwa mchoro wake unatawanyika upande hadi unapoteza uelekeo, na kumpa mwenzako kile unachokiona kunaishia kwenye picha za skrini. Picha ya skrini ya mpango haisaidii mtu, kwa sababu namba hazinakiliki.

Taarifa za watu zilizomo ndani ya mpango

Tazama tena mpango wetu. `kata = 'Buswelu'` imeandikwa kama ilivyo. Sasa weka mahali pake `simu = '07...'`, au namba ya kitambulisho, au jina la mgonjwa. Thamani uliyoandika kwenye WHERE inatokea kwenye mpango neno kwa neno.

Kwenye kazi moja niliyowahi kufanya, dada mmoja wa timu yetu, kwa nia njema kabisa, aliubandika mpango kwenye tovuti ya umma ili aombe msaada. Ndani yake mlikuwa na orodha ya `IN (...)` yenye namba za simu za wateja zaidi ya mia. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Tuliufuta siku hiyohiyo, lakini mchana wote ule sikuwa na amani.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote zina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Kubandika mpango kwenye seva ya ng'ambo kunaweza kuwa kupeleka huko. Depesz ina kisanduku cha kuficha majina na thamani kabla ya kuhifadhi, na kingine cha kuamua kama mpango uonekane kwenye orodha ya hadharani. Tiki zote mbili zitazame kabla ya kubonyeza, kila mara. Dalibo inatoa kiungo, na mwenye kiungo anaona. Kwa pgMustard soma masharti yake ya faragha pamoja na mkuu wako wa kazi.

Kwa hifadhidata za hospitali, benki, shule au pesa za simu, jibu langu ni moja: `pev2.html` kwenye mashine yako, au pgAdmin. Hata depesz unaweza kuisimika kwenye seva ya ndani kwa kuwa msimbo wake ni huria, ila ni kazi zaidi.

Mpango wa saa nane usiku

Hakuna zana kati ya hizi inayokupa mpango wa hoja iliyochelewa ukiwa umelala. Ukiiendesha asubuhi, vigezo ni vingine, kumbukumbu ina kurasa nyingine, na pengine mpango wenyewe ni mwingine. Hapo unahitaji `auto_explain`, moduli inayokuja na PostgreSQL. Unaweka `auto_explain.log_min_duration`, tuseme sekunde mbili, na kila hoja inayozidi hapo inaacha mpango wake kwenye logi ya seva. Ukiwasha `log_analyze` unapata namba halisi, lakini angalia: upimaji huo unafanyika kwa kila hoja, hata zile za haraka, kwa kuwa seva haijui mapema ipi itachelewa. Kwenye seva yenye shughuli nyingi, zima `log_timing`. Utakosa muda wa kila nodi, ila utabaki na idadi halisi za rekodi, na swali letu la pili ni la rekodi.

Kabla ya yote hayo, kujua ni hoja ipi inakula seva ni kazi ya `pg_stat_statements`. Panga kwa `total_exec_time`, siyo kwa wastani. Hoja ya milisekunde nane inayoitwa mara milioni kwa siku inakula zaidi ya ripoti yako ya sekunde tatu inayofunguliwa mara ishirini.

Walio kwenye MySQL wana EXPLAIN ANALYZE tangu 8.0.18, na MySQL Workbench inachora. Wa SQL Server wana mpango wa mchoro ndani ya Management Studio na Query Store tangu toleo la 2016. Zana nne za hapa hazisomi mipango yao.

Kwa hiyo uchukue ipi?

Ukiwa peke yako na unataka kujifunza kusoma, anza na depesz kwa data ya mazoezi, mwezi mzima, mpaka safu zile tano ziingie kichwani. Ukiwa kazini na data ya watu, PEV2 ya faili moja iwe ndiyo ya kwanza, na siyo kwa sababu ya sheria peke yake: ndiyo inayoonyesha kurasa vizuri na haikuangushi intaneti ikipotea. Timu isiyo na mtu wa hifadhidata na yenye bajeti, pgMustard, kwa miezi ya mwanzo angalau. pgAdmin itumie kwa hoja ndogo za papo kwa papo. Mimi hutumia mbili kwa pamoja, PEV2 kwa kuona umbo na jedwali la mtindo wa depesz kwa kufuatilia kosa la makadirio, na sioni haja ya kuchagua moja kwa maisha yote.

Turudi Buswelu. Zana zote nne zilinifikisha kwenye nodi ileile ya `mita`, kila moja kwa njia yake. Dawa ilikuwa kumwambia mpangaji kwamba safu hizo tatu ni ndugu:

```
CREATE STATISTICS mita_eneo_takwimu (dependencies, mcv)
  ON mkoa, wilaya, kata FROM mita;
ANALYZE mita;
```

Takwimu za aina hii zimekuwapo tangu PostgreSQL 10, na `mcv`, orodha ya michanganyiko inayojitokeza zaidi, tangu 12. Sikuongeza indeksi hata moja, wala sikugusa hoja. Niliendesha tena. Makadirio ya `mita` yakawa 11,760 dhidi ya 12,040 halisi. Nested Loop ikatoweka, mahali pake ikaja Hash Join inayopitia kipande cha Machi mara moja tu, kurasa zikashuka kutoka 50,065 hadi 19,946, na muda kutoka milisekunde 3,192 hadi 540. Kwa kuwa data ni ya mazoezi, nikaubandika mpango mpya kwenye depesz chini ya ule wa kwanza kama maboresho yake. Mahali palipokuwa na mara 1,003 kwa nyekundu pamesimama 1.0, nyeupe.